Kiswahili chaweza kubeba fizikia ya leza

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na mahubiri, ilhali sayansi ina lugha yake. Dhana hiyo niliipima majuzi mtaani Umoja, hapa Nairobi, pale mtoto wa jirani aliye kidato cha nne aliponijia na swali.

"Mwalimu, ni kweli kuna nyaya zinazopitisha stima bila kupoteza hata chembe?"

Aliniarifu kwamba swali hilo lilimjia darasani, naye akanyamaza, maadam hakuwa na Kiingereza cha kuliulizia. Fizikia hapa kwetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Basi nikajaribu kumjibu kwa lugha aliyoulizia.

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, akaona ukinzani wake kwa umeme umetoweka ghafla. Katika waya wa kawaida, elektroni husukumana njiani mithili ya wachukuzi pale Gikomba, na nguvu yao hupotea kuwa joto. Mwaka 1957, Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kwamba katika baridi ile elektroni hufungamana jozi jozi, mitetemo ya atomi ikiwa ndiyo mshenga wao. Kisha, mwaka 1986, Bednorz na Müller wakagundua sifa hiyo katika kauri yenye shaba na oksijeni, na mwaka uliofuata ikapatikana kauri iliyofanya kazi hiyo kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri. Wataalamu wakaiita ya "joto la juu".

Kijana alicheka. "Mwalimu, joto gani hilo?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Hilo ni joto la juu likilinganishwa na lile la Onnes tu. Hata hivyo tofauti hiyo ina thamani, kwani kauri hizo zaweza kupozwa kwa naitrojeni oevu, iliyo rahisi mno kuliko heliamu inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Lakini ni mshenga gani anayezifunga jozi za elektroni ndani ya kauri hizo? Hadi leo wanafizikia hawajaafikiana.

Hapo ndipo leza inapoingia. Ukitaka kujua kinachoishikilia foleni ya abiria pale Muthurwa, itawanye kidogo, kisha utazame inavyojipanga upya na kwa muda gani. Watafiti hufanya vivyo hivyo. Mpigo wa kwanza wa mwanga, wa muda wa femtosekunde chache, huzivunja baadhi ya jozi. Mpigo wa pili hufuata kuchungulia yaliyotokea. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa mara bilioni. Hakuna saa ya mkono ipimayo muda huo, na ujanja wanaoutumia ndio uliompendeza kijana kupita yote: kioo kinachourudisha mpigo wa pili husogezwa nyuma kwa milimita 0.15, na safari iliyoongezeka huuchelewesha kwa takriban femtosekunde 1,000. Muda hupimwa kwa rula, kwa namna ya kusema.

Kwa njia hiyo imeonekana kwamba katika kauri za shaba jozi zilizovunjwa aghalabu huungana tena ndani ya femtosekunde elfu chache. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba kauri moja isiyokuwa na sifa hiyo katika baridi iliyopimwa ilionyesha dalili zake kwa kitambo kidogo baada ya kupigwa na leza. Maana ya dalili hizo ingali inabishaniwa.

Si jambo la anasa kwetu. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, zaidi ya asilimia 20 ya umeme ulioingia katika gridi yetu ulipotea, wizi ukiwemo. Kauri hizi hazizuii wizi, bila shaka!

Katika maelezo hayo yote nilikwama mahali pamoja tu, kwenye jina la kitu chenyewe. Nilianza na "kipitishi bora", nikajikosoa papo hapo. Shaba ni kipitishi bora, lakini hukinza. Hiki hakikinzi kabisa, na tofauti hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Nikapendekeza "kipitishi kisokinza". Nakiri kwamba kosa langu la kwanza lilinifunza zaidi ya tafsiri yoyote sahihi, nami ningependa kumwona mwalimu wa fizikia akilifanya kosa kama hilo ubaoni, mbele ya wanafunzi wake, nao wamsahihishe.

Kijana hakuridhika. Alisema jina ni refu mno. Nikamkumbusha kwamba neno "stima" lilianza kwa meli za mvuke, likahamia kwenye umeme midomoni mwa Wakenya pasipo kamati yoyote kuketi. Akaniahidi kwamba yeye na wenzake watalifupisha, nami nangoja kusikia walichokiamua.