Mahindi yamevunwa, jibu la ufadhili bado

Na Mwandishi Wetu, Kigali

ADHANA ya magharibi inaposikika Biryogo, barabara hunyamaza kwa dakika chache. Tende kwanza, uji, halafu sambusa. Dada niliyekuja kumwona ameketi kwenye benchi nje ya bucha la mjomba wake, hapa Nyamirambo, si mbali na Uwanja wa Pelé. Simu yake imelala kifudifudi mapajani. Baada ya tende mbili anaigeuza, anafungua barua pepe, anavuta kioo chini kwa kidole, kisha anailaza tena.

"Tangu Novemba," anasema.

Novemba ndiyo iliyotajwa kwenye tangazo. Aliwasilisha maombi yake Agosti mwaka jana, na tangazo lilisema waombaji wote wangejulishwa kabla ya mwisho wa Novemba 2024. Sasa ni Machi 2025. Ameandika mara mbili kuulizia. Mara ya kwanza alijibiwa na mashine kwamba ujumbe wake umepokelewa. Mara ya pili hata mashine haikujibu. Ameniomba nisimtaje jina wala nisiutaje mfuko alioomba, maana hataki aonekane msumbufu kabla ya uamuzi kutoka.

Anasubiri fedha za utafiti wa shahada ya uzamivu, na utafiti wenyewe ni wa sumukuvu kwenye mahindi. Msomaji wa Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani, na kwa siku kadhaa jumuiya nzima ikajifunza neno ambalo hapo awali lilikuwa la wataalamu wa maabara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Dada huyu anataka kujua mahindi ya Mkoa wa Mashariki wa Rwanda huvuka kiwango hicho wakati gani hasa: yakiwa bado shambani, yakiwa yameanikwa, au yakiwa ndani ya gunia.

Na hapo ndipo kusubiri kunapogeuka hasara. Msimu mkubwa wa kilimo nchini, unaoitwa Msimu A, huanza Septemba, na mahindi yake huvunwa kati ya Januari na Februari. Anayetaka sampuli za mavuno lazima awepo mavuno yanapofanyika. Kama jibu lingekuja Novemba, angekuwa Kayonza mwezi Januari na mizani yake, vifaa vya kupima unyevu na msaidizi mmoja wa kulipwa. Halikuja. Msimu B upo, lakini maharage ndiyo yanayotawala kwa wakulima wengi na mvua zake si zile. Kwa hesabu ya utafiti wake, wiki sita za ukimya wa wafadhili zimempotezea mwaka mzima.

Watu wengi hudhani mwanafunzi anayesubiri ufadhili anasubiri kusafiri. Huyu hasubiri ndege. Msimamizi amempata na chuo kimemkubali. Kinachokosekana ni fedha za mafuta, za maabara na za vipimo ambavyo huagizwa nje na huharibika visipotunzwa kwenye baridi.

Nilimtafuta mhadhiri mmoja wa Kigali ambaye amewahi kuketi kwenye kamati za kuchuja maombi ya aina hii, nimuulize kwa nini majibu huchelewa. Alicheka kwanza. Kisha akanieleza njia ambayo andiko hupita. Makarani huanza kwa kutoa yale yaliyokosa vyeti au barua. Yanayobaki hugawiwa wasomaji wawili au watatu, wengi wao wakiwa wahadhiri wenye kazi nyingine na wasiolipwa kwa kazi hiyo, na hapo wiki nne huweza kuwa kumi. Alama zikirudi, kamati hukutana na kupanga majina kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Orodha hiyo hupelekwa kwa mwenye fedha, naye anaweza kuipitisha, kuipunguza au kuiacha mezani hadi bajeti yake mwenyewe ipitishwe.

Jambo ambalo sikulijua ni la orodha ya akiba. Waliofaulu huandikiwa mapema. Walioanguka kabisa huweza kuandikiwa mapema pia. Walio katikati hawaandikiwi chochote, kwa sababu mmoja wa walioteuliwa akikataa au akipata ufadhili kwingine, nafasi hushuka kwao. Kamati haitaki kumwambia mtu "hapana" kisha imwite tena. Kwa hiyo, Profesa akasema, ukimya mrefu mara nyingine ni dalili nzuri. Nilipompelekea dada wa Biryogo habari hiyo hakufurahi. Aliuliza kwa nini basi wasimwambie kwamba yuko kwenye orodha ya akiba, naye apange maisha yake. Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo. Barua ya mistari miwili haigharimu kitu.

Niseme wazi kwamba siandiki habari hii nikiwa mtu wa pembeni. Miaka kadhaa iliyopita nami niliomba fedha za utafiti, na hadi leo sijajibiwa. Nadhani sasa naweza kuacha kusubiri.

Mwaka huu kusubiri kuna uzito zaidi. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Machi 10 ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Malipo ya wanaosoma kwa mpango wa Fulbright nayo yalikwama mwezi Februari. Rwanda na Ubelgiji, nchi ambayo kwa miaka mingi imefadhili vyuo vikuu vya ukanda huu, zilivunja uhusiano wa kidiplomasia Machi 17. Hata Sweden, ambayo imewasomesha wahadhiri wengi wa Rwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifuta fungu lake la utafiti wa maendeleo katika Baraza la Utafiti la nchi hiyo mwaka 2023. Hakuna lolote kati ya haya linalohusiana na mahindi ya Kayonza. Lakini kijana anayesubiri barua siku hizi husikiliza taarifa ya habari kama mfanyabiashara anayefuatilia bei ya dola.

Ndani ya jumuiya milango ipo, ila ni michache. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa likisimamia ufadhili wa shahada ya uzamili kwa fedha za Ujerumani. CARTA, inayoongozwa kutoka Nairobi, huchukua wahadhiri wa vyuo wanachama, kikiwemo Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa uzamivu wa afya ya jamii. RUFORUM ya Makerere ni ya kilimo. Dada huyu si mhadhiri wa kudumu. Anafundisha sayansi kwa muda katika shule ya sekondari ya binafsi, kwa hiyo mlango mmoja umefungwa kwake kabla hajabisha.

Mei 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Ni jambo jema. Lakini anayetaka kupima mahindi hayo hayo pande zote mbili za Rusumo bado anahitaji kibali cha upande huu na kingine cha COSTECH upande wa Tanzania. Akiingia Uganda atakutana na baraza lao la sayansi, Kenya atakutana na NACOSTI, na kila ofisi ina fomu zake na ada yake. Gunia la mahindi huvuka mpaka kwa urahisi kuliko mtu anayetaka kulipima.

Nyumbani anapambana na mengine. Mama yake humuuliza kila Ijumaa, "Wale watu wamejibu?" na yeye hujibu, "Bado, Mama, karibu." Majirani hakuwaambia kitu, baada ya kuona yaliyomkuta kijana wa nyumba ya tatu, ambaye alifanyiwa sherehe ya kumuaga na miezi minane baadaye bado alikuwa akiuza kadi za simu pale pale kituoni. Ana kundi la WhatsApp la waombaji kumi na wawili. Walikubaliana kwamba atakayepata aseme siku hiyo hiyo, hata kama itawauma wengine. Wawili wameacha kuandika kundini, na hakuna anayethubutu kuwauliza kwa nini.

Januari, alipoona mahindi yanaanza kukauka, alifanya jambo ambalo msimamizi wake hakulipenda sana. Zamu yake ya ikimina ilikuwa imefika. Alichukua fedha hizo, akapanda basi la Kayonza Jumamosi tatu mfululizo, akanunua sampuli 36 za kilo moja moja: nyingine shambani, nyingine kwenye maturubai ya kuanikia, nyingine stoo. Hakuwahoji wakulima, kwa sababu kwa hilo angehitaji kibali cha kamati ya maadili. Alinunua tu mahindi kama mteja yeyote, akaandika tarehe, mahali na namba. Profesa wake amemwambia zitafaa kama jaribio la awali na si zaidi ya hapo. Anasema hilo linamtosha. Angalau msimu haukupita bure.

Sampuli ziko ndani ya friza la bucha, upande wa kushoto, chini ya maini. Mjomba ananifungulia nizione: mifuko ya plastiki yenye barafu kwa juu, namba zimeandikwa kwa kalamu nyeusi. Umeme ukikatika yeye humpigia simu mpwa wake kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Tatizo ni Idd. Siku chache kabla ya sikukuu bucha hupokea nyama nyingi kuliko mwezi mwingine wowote, na mjomba amesema kwa upole kwamba ule upande wa kushoto atauhitaji. Amempa hadi Jumatano. Dada amekwishazungumza na mwanamke anayeuza samaki wa Ziwa Kivu jirani na soko, ambaye ana friza dogo lenye nafasi ya mifuko ishirini hivi. Bado kumi na sita hajajua zitakwenda wapi. Anaichukua simu tena, safari hii ampigie huyo muuza samaki.