Kabla hujanunua dawa ya mende, msikilize mtoto anavyopumua

Mzazi anapomleta mtoto anayekohoa usiku na kubanwa kifua, huulizwa kuhusu vumbi, moshi wa mkaa na paka. Mimi huongeza swali moja: mende mnao? Wengi huinamisha macho. Usione aibu. Katika nyumba za kupanga, ambako familia nne zinagawana ukuta na bomba, hata chumba cha msafi huvamiwa.

Kinyesi, mate na maganda ya mende hukauka na kuwa vumbi, na mtoto hulivuta. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 476 wenye pumu katika miji ya Marekani. Waliokuwa na mzio wa mende na kulala kwenye vyumba vyenye vumbi hilo kwa wingi walilazwa hospitalini zaidi ya mara tatu ya wenzao.

Hata hivyo, kinachonitisha zaidi ni sumu tunayowawekea. Dawa isiyo na lebo, iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au soda, mtoto mwenye kiu ataipiga funda. Chaki ya mende nayo anaiona sawa na ya shuleni. Ukimkuta anatokwa mate mengi, anatoka jasho, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo au anapumua kwa shida, usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali. Beba na chupa, hata kama ni tupu. Harufu na maandishi yake hutusaidia.

Na ya kupuliza je? Inaweza kumbana mwenye pumu papo hapo, na haimalizi kazi. Jike la wale mende wadogo wa kahawia hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa. Unaua waliotembea, waliojificha wanazaa.

Mende huvumilia njaa kuliko kiu. Anza na maji basi: rekebisha bomba linalovuja, kausha sinki na sakafu kabla ya kulala, funika ndoo. Ziba nyufa. Kagua maboksi na kreti kutoka dukani, maana wengi huingia humo. Kisha tumia chambo cha jeli chenye lebo, vitone vidogo nyuma ya friji na kwenye bawaba za makabati, mbali na mikono ya watoto. Usipulize dawa juu yake, mende watakikwepa. Zungumza na wapangaji wenzako mfanye siku moja, la sivyo mtakuwa mnahamishiana tu.

Wakishakufa, vumbi lao bado lipo. Futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, fua mashuka, na wakati huo mtoto awe chumba kingine. Dawa yake ya pumu ya kuvuta aendelee nayo kama alivyoandikiwa, hata kikohozi kikipungua, mpaka arudi kliniki.