FRE ZA KINGA

1. Kusimama

Kila mtu apandaye kinga anapenda kwenda mbio. Lakini kwenda mbio si akili yote. Yafaa kujua na kusimama. Kinga inayokwenda kilometa 20 kwa saa moja inapita zaidi ya meta 5 katika sekunde moja. Mtoto akikatiza njia mbele yako, wewe ungali unafikiri, na kinga imekwisha kupita hizo meta 5. Tena, ukiongeza mwendo mara mbili, fre inahitaji njia mara nne ili kukusimamisha. Ndiyo sababu mtu mwenye akili, akinunua kinga, hatazami rangi kwanza. Anatazama fre.

2. Fre inafanya nini?

Tazameni gurudumu. Mpira umeshikwa na duara la chuma. Mafundi wanaliita janti. Ukibana mkono wa fre kwenye usukani, vipira viwili vinakaza janti. Vinasuguana nayo, janti inapata moto, na mwendo unapungua.

Janti nyingine ni za chuma, nyingine ni za aluminiumu. Mvua ikinyesha, vipira vinateleza sana juu ya chuma, kama mguu juu ya jiwe lenye maji. Juu ya aluminiumu vinashika vizuri zaidi. Basi anayetaka fre nzuri achague na janti nzuri.

3. Namna nne za fre

Ya kwanza ni fre ya fimbo. Tunaiona kwenye kinga nzito za zamani. Haina kamba, fimbo za chuma zinavuta vipira, navyo vinakaza janti kwa upande wa ndani. Ni ngumu, inadumu miaka mingi. Lakini nguvu yake ni kidogo, hasa wakati wa mvua.

Ya pili ni fre ya koleo. Imefungwa kwa buloni moja juu ya gurudumu, na mikono yake miwili inazunguka mpira kama koleo la fundi. Ni nyepesi, tena ni rahisi kutengeneza. Lakini nafasi yake ni ndogo. Mpira mpana haupiti, na matope yanajaa upesi.

Ya tatu ni kantileva. Hapa kila mkono unasimama peke yake juu ya kinundu kilichounganishwa na uma wa kinga. Kamba moja inashuka katikati na kuvuta kamba fupi inayounganisha mikono yote miwili. Mpira mpana unapita, na matope yanapata nafasi ya kuanguka. Lakini kuitengeneza sawasawa kunataka uvumilivu.

Ya nne ni fre ya V. Kampuni ya Shimano ya Japani iliitoa mwaka 1996. Inakaa juu ya vinundu vile vile, lakini mikono yake ni mirefu, na kamba inapita kutoka mkono mmoja mpaka mwingine. Nguvu yake ni kubwa, tena kuitengeneza ni rahisi.

4. Mbio za matope

Katika Ubelgiji na Ufaransa kuna mbio za kinga wakati wa baridi, katika mashamba na misitu. Mahali pengine matope ni mengi hata mtu anashuka, anaweka kinga begani na kukimbia. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanywa Paris mwaka 1950. Kwa miaka mingi washindani walichagua kantileva, kwa sababu matope hayaizuii upesi. Tangu mwaka 2010 wameruhusiwa kutumia fre za sahani, na sasa wengi wanazitumia. Lakini fre za janti hazikuisha kazi. Bei yake ni ndogo, na fundi anaweza kuzitengeneza na vyombo vichache.

5. Namna ya kuchagua

Mtu anayekwenda kazini kila siku ajiulize maneno matatu.

Kwanza: uma wa kinga una vinundu? Kama hauna, asinunue kantileva wala V. Havitakuwa na mahali pa kukaa.

Pili: njia ni namna gani? Kwa lami na mpira mwembamba, fre ya koleo inatosha. Kwa matope na mpira mpana, achague kantileva au V.

Tatu: mikono ya fre kwenye usukani ni ya namna gani? Hapa wengi wanaharibu. Fre ya V inataka mkono unaovuta kamba ndefu. Kantileva na koleo zinataka mkono unaovuta kamba fupi. Ukitia fre ya V kwenye mkono wa kantileva, vipira havisogei vya kutosha, na mkono unaweza kugusa usukani mbele ya kinga kusimama. Katika mteremko, huo ni mkosi mkubwa.

6. Kutunza fre

Fre nzuri isiyotunzwa ni fre mbaya. Kila juma tazama mambo haya:

Kipira kiguse janti tu. Kikigusa mpira wa gurudumu, kitaukata.

Kamba ikianza kukatika uzi mmoja mmoja, ibadilishe leo, usingoje kesho.

Usitie mafuta juu ya janti. Futa matope, maana mchanga unakula janti. Janti ikiwa nyembamba sana inaweza kupasuka.

Wakati wa mvua anza kubana mapema. Vipira vinafuta maji kwanza, halafu vinashika.

Tumia fre zote mbili. Ya mbele ina nguvu zaidi, kwa kuwa uzito wa mtu unakwenda mbele wakati wa kusimama. Lakini usiibane kwa ghafula, isije ikakuangusha kichwa chini.

Fundi anaweza kubadilisha kamba kwa bei ndogo. Mguu uliovunjika hauna duka.

Maulizo

1. Kwa nini fre inateleza juu ya janti ya chuma wakati wa mvua?
2. Taja namna nne za fre.
3. Kwa nini washindani wa matope walichagua kantileva?
4. Fre ya V inataka mkono wa namna gani?
5. Tazama kinga ya nyumbani kwenu. Fre yake ni ya namna gani? Kamba yake ni nzima?