Mashine ya kuchonga chuma: Ulizia umeme kabla ya bei

Mfanyabiashara anayetaka kuuza mashine ya kuchonga chuma, ile mafundi waiitayo milingi, katika karakana za Katwe, Kampala, au Kariobangi, Nairobi, aanze na swali moja: mteja ana umeme gani?

Mashine kubwa za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, mfano Bridgeport, hukaribia uzito wa tani moja na nyingi hutaka umeme wa njia tatu. Karakana ya nyumbani yenye njia moja italazimika kuongeza kifaa cha kubadili umeme. Zile ndogo za mezani hutumia umeme wa kawaida, lakini hutetemeka zikichonga chuma kigumu.

Kabla ya kulipa, zungusha mkono wa meza mbele na nyuma. Ukizunguka sana kabla meza haijasogea, skrubu imelika. Angalia pia vipimo: inchi au milimita?

Mpakani kuna mtego mwingine. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za nchi wanachama. Mashine ya China haiingii humo, hata ikinunuliwa Nairobi.