Moyo wa Dunia na Matofali Tunayochoma

Kuna habari inatembea katika simu za vijana wetu, na wengine wanaihubiri: ati nguvu ya sumaku ya dunia inaisha, kaskazini itageuka kuwa kusini, na siku ile watu wote watakufa. Wazazi wengine wameogopa kabisa. Tutazame neno hili polepole, kwa sababu kweli na uongo vimechanganyika ndani yake.

Tuanze chini. Sisi watu wa migodi tunajua mashimo. Mugodi wa Kipushi unashuka zaidi ya metre 1,000. Kule Kola, katika Urusi, walianza kutoboa shimo jembamba mwaka 1970, na mwaka 1989 walifika metre 12,262. Joto lilikuwa digri 180, vyuma vikashindwa. Lakini toka hapa tulipo mpaka katikati ya dunia ni kilometre 6,371! Ni kama mutu kukwaruza ganda la embe na kusema ameonja kokwa.

Basi nani alifika kule? Hakuna. Walisikiliza tu. Mufundi wa mugodi anagonga jiwe la juu kwa baramina, na kwa mulio wake anajua kama limeshika ao linataka kuanguka. Baramina ya dunia ni tetemeko. Mwanamuke mumoja wa Denmark, Inge Lehmann, alichunguza namna mitikisiko ya tetemeko la New Zealand la mwaka 1929 ilivyopita chini. Mwaka 1936 alionyesha kwamba ndani ya moyo wa dunia ulioyeyuka kuna moyo mwingine, ambao sasa tunajua ni mugumu: chuma na nikeli, joto kupita digri 5,000.

Chuma kilichoyeyuka kinazunguka, na mwendo wake unazaa umeme na sumaku. Mwenye nkinga ya dinamo anaelewa: tairi ikizunguka, taa inawaka. Ndiyo maana busole inaonyesha kaskazini. Nguvu ile inapanda mbali juu ya hewa na kugeuza sehemu kubwa ya chembe kali zinazotoka kwa jua. Mimi nikisoma haya ninakumbuka Ayubu sura ya 28, inayosimulia wachimbaji, halafu inauliza hekima inapatikana wapi.

Sasa, kugeuka ni kweli. Mufaransa Bernard Brunhes alitangaza mwaka 1906 kwamba udongo uliochomwa zamani na moto wa volkano ulikuwa na sumaku iliyopinduka. Wenye elimu wanahesabu kwamba mara ya mwisho ilikuwa karibu miaka 780,000 iliyopita. (Wengine kanisani hawapendi hesabu hiyo, leo sitabishana nao.) Lakini kugeuka si kazi ya usiku mumoja, inaomba maelfu ya miaka, na viumbe viliishi wakati wake.

Kupunguka pia ni kweli. Kwa miaka 200 nguvu imepunguka karibu 9 juu ya 100, na pahali pazaifu kuliko pote ni kati ya Amerika ya Kusini na kusini ya Afrika. Satelite zikipita pale, mashini zake zinasumbuliwa.

Na hapa udongo wa Afrika umetoa ushuhuda. Katika bonde la Limpopo, kati ya mwaka 1000 na 1600, mvua ikikataa, wakulima walichoma nyumba na ghala kusudi ya kusafisha kijiji. Udongo ukiwaka vikali halafu ukapoa, vichembe vya chuma ndani yake vinashika upande na nguvu ya sumaku ya siku ile. Mumarekani John Tarduno na wenzake waliupima, na mwaka 2015 walitangaza kwamba hata wakati ule nguvu ilipunguka kwa haraka. Mwaka 2018 dalili za mbele zaidi zilionekana, za karne ya 5 na ya 8. Wanakijiji wale hawakujua lolote, waliendelea kulima.

Tofali la udongo wa kichuguu tunalochoma hapa kwetu linafanya vilevile. Likitolewa katika tanuru na kujengwa ukutani, habari ya upande inapotea. Habari ya nguvu inabaki ndani yake.