Je, Wajua? Mwanga wa Nje Hulizuia Jicho Lisirefuke Kupita Kiasi

Anayeingia kituo cha mabasi cha Nyabugogo, jijini Kigali, asubuhi hulazimika kusoma upesi. Musanze, Rubavu, Huye, Rusizi, Kampala: jina la safari liko kwenye kioo cha mbele, na basi lililojaa halisubiri mtu. Mwenye macho mazima hulitambua basi lake akiwa bado upande wa pili wa uwanja. Asiyeona mbali hupita basi moja baada ya jingine akiuliza makondakta. Akiwa ni mtoto, yaelekea hajui hata kwamba ana tatizo, kwa sababu amezoea kuiona dunia ya mbali hivyo hivyo, yenye ukungu.

Kasoro yake ni ya milimita. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima ni kama 24. Katika kukua huko, retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha, inapaswa kufika mahali hasa ambapo konea na lenzi hukusanya miale. Jicho likipitiliza kwa milimita moja tu, picha ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina, na mtoto huhitaji miwani yenye nguvu ya dayopta mbili na nusu hadi tatu. Daftari analisoma bila shida, ila ubao haumfikii. Miwani humrudishia ubao, lakini jicho lililorefuka halifupiki tena. Na likirefuka sana, hatari ya retina kubanduka na ya presha ya macho huongezeka ukubwani.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba hili ni suala la kurithi, au adhabu ya kusoma gizani. Kurithi kupo kweli. Lakini mwaka 1977 Torsten Wiesel na Elio Raviola walionyesha kwamba nyani waliofungwa kope za jicho moja tangu uchangani walipata jicho refu upande huo. Maana yake, jicho haliufuati mpango wa damu peke yake. Linakua likisikiliza kinachoingia ndani yake.

Ushahidi ulionishangaza zaidi ulitolewa mwaka 2008 na watafiti wa Australia, Kathryn Rose na Ian Morgan wakiwemo. Walilinganisha watoto wa miaka sita na saba wenye asili ya Kichina katika miji miwili. Singapore, 29 katika kila 100 walikuwa hawaoni mbali. Sydney, walikuwa watatu tu. Wazazi wao hawakutofautiana sana katika kuvaa miwani, na watoto wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti kubwa ilikuwa mlango wa nyumba: watoto wa Sydney walikaa nje karibu saa 14 kwa wiki, wale wa Singapore saa tatu.

Nje kuna nini basi? Maelezo yanayoungwa mkono zaidi yanahusu dopamini, kemikali ambayo retina huitoa kwa wingi inapopigwa na mwanga mkali wa mchana, na ambayo huonekana kuliambia jicho lipunguze mwendo wa kurefuka. Vifaranga waliofunikwa macho ili yarefuke, kisha wakawekwa kila siku kwa saa chache kwenye mwanga mkali, macho yao hayakurefuka sana kama ya wenzao waliobaki kwenye mwanga wa kawaida wa ndani. Kwa hiyo mchezo wenyewe, mbio au mpira, si dawa. Mtoto aliyeketi tu kibarazani anapata sehemu kubwa ya faida hiyo.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Darasa lenye taa nzuri huwa na 300 hadi 500. Nje mchana, jua likiwa wazi, hufikia 100,000, na chini ya mti bado unapata maelfu. Macho yetu hujirekebisha haraka mno hata hatuhisi pengo hilo. Mchuuzi wa Nyabugogo aliyejikinga chini ya mwavuli wake anapokea mwanga mwingi kupita mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha. Ndiyo maana hakuna haja ya kumchomesha mtoto jua la saa saba, na kulitazama jua lenyewe ni marufuku kabisa, kwa kuwa huunguza retina.

Kigali ina bahati ambayo miji mingi haina. Iko karibu nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, na mchana wake mrefu kuliko yote unazidi ule mfupi kwa kama robo saa tu. Nchini Denmark watafiti waliona macho ya watoto yakirefuka kwa kasi zaidi katika miezi yenye mchana mfupi. Nyabugogo haina miezi ya namna hiyo. Akiba ya mwanga ipo mwaka mzima.

Hata hivyo akiba hiyo haitumiki yenyewe. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Rwanda lilichapisha uchunguzi wa wanafunzi 634 wa sekondari katika wilaya ya Nyarugenge, ambayo Nyabugogo imo ndani yake: mmoja katika kila kumi alikuwa haoni mbali. Mwanza, Tanzania, uchunguzi kama huo uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta 5.6 katika kila 100, na kati ya waliohitaji miwani ni kama watatu katika kumi tu waliokuwa nayo. Viwango hivi ni vidogo vikilinganishwa na vya Asia ya Mashariki, ambako katika baadhi ya miji vijana wanane katika kumi humaliza sekondari wakiwa na tatizo hili. Lakini hata huko tatizo lilikuwa dogo vizazi vichache tu vilivyopita, kabla ya masomo ya ziada na maisha ya ghorofani.

Rwanda imefanya kazi ya kupongezwa upande wa tiba. Wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima wamefundishwa kupima macho na kutoa miwani ya bei nafuu, kazi ambayo Wizara ya Afya iliifanya pamoja na shirika la Vision for a Nation. Kinga ndiyo iliyobaki nyuma, na kinga ni rahisi kuliko miwani. Huko Guangzhou, China, shule sita ziliongeza dakika 40 za nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, walioanza kupoteza uoni wa mbali walikuwa 30 katika 100, dhidi ya karibu 40 katika shule ambazo hazikubadili ratiba. Taiwan tangu mwaka 2010 inazihimiza shule zake ziwape watoto saa mbili nje kwa siku, na idadi ya wanafunzi wasioona mbali, iliyokuwa ikipanda kila mwaka, ilianza kushuka. Muda ni muhimu: mwanga huchelewesha tatizo kuanza, ila likishaanza nguvu yake hupungua. Kwa hiyo wa kutolewa nje kwanza ni watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini.

Bonde la Nyabugogo ni mojawapo ya mabonde matano ya ardhi oevu ambayo Kigali imeanza kuyafufua. Wanaochora ramani zake ningewaomba watenge uwanja wenye miti ya kivuli, wa kufikika kwa miguu kutoka shule za Kimisagara na Muhima, na walimu wakuu waruhusiwe kuuandika kwenye ratiba ya masomo kama wanavyoandika hesabu.