Hesabu za Joto Ndani ya Picha ya Simu

Mbinu zinazotumika kubana data, yaani kuipunguzia ukubwa ili ihifadhiwe au isafirishwe kwa wepesi, huhesabiwa leo kuwa mali ya wataalamu wa kompyuta, ilhali mizizi yake imo katika fizikia ya joto. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu namna joto linavyosambaa katika vitu vigumu, akaeleza kuwa mtawanyiko wa joto, hata ukiwa wa kupanda na kushuka ovyo, unaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi sahili, mengine mapana na ya polepole, mengine membamba na ya haraka, na kwamba yale membamba ndiyo hufifia kwanza.

Mwaka 1974 Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha mbinu ya ukoo huohuo, ambayo baadaye ikawa moyo wa JPEG, muundo wa picha ulioenea kuliko pengine mwingine wowote. Picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba, badala ya kuelezwa kwa mwanga wa pikseli zake 64, huelezwa kwa nguvu za mawimbi 64. Kwa kuwa jicho la mwanadamu hutambua upesi mabadiliko mapana ya mwanga lakini si makini kwa yale madogomadogo, mawimbi membamba hukadiriwa kijuujuu tu, mengi yakageuka sifuri, na mfululizo wa sifuri hauhitaji nafasi kubwa. Hasara ipo: picha iliyobanwa kupita kiasi huonyesha miraba hiyo waziwazi, na maandishi yaliyomo huota ukungu kingoni.

Kinachobaki hubanwa tena, safari hii bila kupoteza chochote, kwa kufuata nadharia ambayo Mmarekani Claude Shannon aliitoa mwaka 1948. Kipimo chake cha habari alikiita entropi, jina lililokuwa tayari la wanafizikia wa joto, kwani fomula yake inafanana na ile ya kupima mvurugiko wa chembe katika gesi. Jambo linalotarajiwa hubeba habari kidogo. Hivyo katika maandishi ya Kiswahili, ambamo herufi a hujirudia kuliko zote, ni busara kuipa alama fupi na kuziachia herufi adimu alama ndefu. Entropi ndiyo kikomo cha ubanaji huo, na ndiyo maana anayeziweka picha za JPEG katika faili la zipu kwa matumaini ya kuokoa nafasi hukuta ukubwa wake umebaki karibu uleule.